Uzi: Tofali jepesi halinyonyi sauti kwa wepesi wake. Tuongee simiti, usumba na mwangwi wa madarasa yetu (Malindi)

Fundi wa Timbo

Salaam wadau.

Siku hizi haupiti muda bila mtu kunipigia simu akitaka "tofali za kunyonya sauti". Huyu ana madrasa, yule ana ukumbi wa harusi, mwingine jirani yake amefunga jenereta chini ya dirisha. Karibu wote wameona video ileile: tofali la zege la povu linawekwa ndani ya karai la maji, linaelea, watu wanapiga makofi, na chini pameandikwa kwamba ni jepesi, linazuia joto na linanyonya sauti. Joto sawa, sibishi. Hapo kwenye sauti ndipo nataka tukae.

Sauti ni hewa inayotikisika. Ikikuta ukuta mgumu uliopigwa plasta laini, hurudi karibu yote. Ili ipungue lazima ipate pa kuingia: vijia vyembamba ndani ya ukuta, hewa iende ikirudi humo, isuguane na kuta za vijia hivyo hadi nguvu yake igeuke joto. Ni joto dogo mno, hutalihisi kwa mkono, lakini sauti inakuwa imekwisha kazi. Kwa hiyo kuwa na matundu peke yake hakusaidii. Matundu yawe yameungana, tena yafunguke upande wa chumbani.

Sasa rudini kwenye ile video. Tofali linaelea kwa nini? Kwa sababu viputo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake na maji hayaingii. Maji yasipoingia, hewa inayobeba sauti nayo itaingilia wapi? Yule anayekuonyesha tofali likielea saa nzima anakupa ushahidi dhidi ya maneno yake mwenyewe. Hata lile la viwandani lililobuniwa Sweden na Johan Axel Eriksson miaka ya 1920, ambalo unga wa alumini hutoa gesi ya haidrojeni ikaumua uji wa simiti na chokaa kisha likapikwa kwa mvuke wenye shinikizo, ni tofali zuri la kujengea, ila sehemu kubwa ya vishimo vyake haina mlango. Linanyonya kidogo juujuu, basi.

Unyonyaji hupimwa kuanzia 0 hadi 1. Dirisha lililo wazi ni 1: sauti ikitoka hairudi. Zege laini ni kama 0.02, yaani katika sehemu mia za sauti, 98 zinakurudia usoni. Tofali la zege lenye kokoto za kukwaruza, halijapakwa kitu, huonyeshwa kwenye majedwali ya wahandisi likiwa na 0.31 kwenye masafa ya hezi 500, yaani mitikisiko 500 kwa sekunde. Tofali lilelile ukilipaka rangi linashuka hadi 0.06. Someni tena hapo. Mkebe mmoja wa rangi unaondoa sehemu nne kati ya tano za kazi yote. Ndiyo maana mteja akiniuliza "nikimaliza nipake rangi gani?" mimi humjibu asipake, na wengine hukasirika.

Ninachotengeneza mwenyewe ni aina mbili. Ya ukutani ni tofali lisilo na mchanga. Timbo zetu, yaani machimbo ya mawe, za hapa Malindi zimejaa chenga za mawe ya matumbawe baada ya mawe kukatwa, na nyingi hutupwa tu au kumwagwa kwenye mashimo ya barabara. Nazichekecha nikabaki na zile za kati ya milimita 5 na 10. Unga wote nje. Simiti karai 1, chenga karai 6, na chenga zilowe kwanza kwa sababu jiwe la matumbawe lina kiu, litakunywia maji ya simiti lote. Maji yenyewe ni kidogo: ukifumbata konzi moja inashikana, kila kijiwe kinang'aa, na hakuna kinachochuruzika vidoleni. Kikichuruzika, ule uji utashuka chini ya kalibu na kuziba upande mmoja. Ukilivunja tofali la namna hiyo unaona juu kama kashata na chini kama sakafu. Usilitikise kwa mashine, unaligonga kidogo kwa kibao na kulifunika kwa magunia yaliyolowa wiki nzima.

Si jepesi la kuelea. Ila ukilinganisha na zege la kawaida, ambalo ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, ni jepesi kweli, na mafundi wanalipenda kulipandisha juu.

Aina ya pili ni mbao za dari za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na simiti. Hizo nitazieleza nikiona kuna anayezitaka.

Kipimo cha bure kabla hamjanunua kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo: chukua kikombe cha maji umwagie tofali juu. Yakipita moja kwa moja, zungumzeni bei. Yakituama, rudi nyumbani. Au weka mdomo kwenye tofali upulize. Likikurudishia pumzi yako mwenyewe, litakurudishia na sauti.

---

Ustadh wa Jioni

Wa aleikum salaam fundi. Mimi ndiye mmoja wa hao wa madrasa, ingawa sijakupigia bado.

Chumba chetu ni mita 8 kwa 6, urefu wa kwenda juu mita 3, juu ni slabu, chini sakafu ya simiti, kuta zote plasta na rangi ya mafuta mpaka kifuani kwa sababu ya mikono ya watoto. Watoto kama 30. Wakisoma pamoja kwa sauti, mimi niliye mbele sisikii herufi, nasikia mvumo. Mtoto akitamka haa badala ya khaa siwezi kumkamata. Nasomesha hivyo hadi magharibi na nikifika nyumbani kichwa kinauma.

Nimeshauriwa niweke trei za mayai ukutani. Nataka kujua kama mbao zako za usumba zitafaa, na ngapi. Tafadhali ziandike hizo za dari.

---

Tuktuk Stendi

Trei za mayai 😂 ustadh, panya watakushukuru.

---

Dada Ramani

Ustadh, umetoa vipimo vizuri kuliko wateja wangu wengi, hebu tupige hesabu yako hapahapa.

Kuna mwalimu wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, aliyekabidhiwa mwaka 1895 ukumbi wa mihadhara ambao hakuna aliyeweza kusikilizana ndani yake. Neno likitamkwa lilikaa hewani kama sekunde 5 na nusu. Usiku alikuwa akihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anapuliza bomba la kinanda, anapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa, kisha anaongeza mito mingine. Kabla ya asubuhi mito irudi kwao. Kutoka kwenye hiyo mito ikatoka kanuni tunayotumia mpaka leo: muda wa sauti kufa, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wote uliomo, yaani eneo la kila kitu mara kipimo chake cha 0 hadi 1. Akaja kuitumia kwenye ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa 1900, na unasifiwa hadi leo.

Chumba chako ni mita za ujazo 144. Zidisha kwa 0.161 unapata 23.2 hivi. Eneo la kuta, dari na sakafu kwa jumla ni mita za mraba 180. Kama kila kitu ni simiti laini na madirisha yamefungwa, unyonyaji wote ni 3.6 tu. 23.2 kwa 3.6 ni zaidi ya sekunde 6. Humo hata salamu itakuwa mtihani.

Bahati yako hujaweka kiyoyozi. Tuseme una madirisha manne ya mita 1.2 kwa 1.2 na yote yako wazi. Hayo peke yake yanakupa 5.76, jumla inafika 9.2 ukitoa simiti ambayo ingekuwa mahali pa madirisha, muda unashuka hadi sekunde 2 na nusu. Watoto wakiingia, kila mmoja na kanzu yake au buibui lake tumhesabu 0.35, wanakuongezea 10.5. Sasa uko sekunde 1.2. Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya kelele ya 1999 lilipendekeza takriban sekunde 0.6 kwa darasa. Wewe uko mara mbili ya hapo chumba kikiwa kimejaa. Mkiwa watoto watano wa hifdhi jioni, ni mbaya zaidi.

Ukifunika mita za mraba 40 za dari kwa kitu cha unyonyaji wa 0.5, jumla inakuwa karibu 39 ukitoa simiti iliyofunikwa, na muda ni sekunde 0.6. Hujagusa ukuta hata mmoja. Watoto hawafiki darini, hakuna wa kuchokonoa.

Trei za mayai ni karatasi nyembamba. Zinapunguza ule mlio mkali wa juu kidogo tu na kuacha mvumo wote wa sauti za watu, halafu zinashika moto haraka ndani ya chumba cha watoto. Usiziweke kabisa.

---

Fundi wa Timbo

Dada ahsante, umenipunguzia kazi. Nimesoma hesabu yako nikaongeza ya kwangu: mita za mraba 40 kwa unene wa sentimita 4 ni ujazo wa mita 1.6. Mbao ya usumba ikiwa na kilo 600 kwa mita ya ujazo, mzigo wote darini ni kilo 960. Kwa zege la kawaida ingekuwa kilo 3,840. Hapo ndipo wepesi unapokuwa na maana, ustadh. Mbao moja ya sentimita 60 kwa 60 ni kilo 8 na kitu, mtu mmoja anaishika kwa mkono juu ya ngazi huku mwenzake anafunga.

Haya, usumba. Wazo si geni. Ulaya walianza kutengeneza mbao za nyuzi za miti mwanzoni mwa karne iliyopita, kwanza kwa magnesia, unga wa madini unaoganda kama simiti, huko Austria, baadaye kwa simiti, na mpaka leo utaziona kwenye dari za shule na vituo vya treni. Zinaonekana kama tambi zilizogandishwa. Sisi nyuzi tunazo tele, makumbi yanatupwa au yanachomwa.

Shida ya makumbi ni kwamba simiti haipatani na sukari wala ile rangi ya kahawia inayotoka kwenye maganda. Ukichanganya usumba mbichi, kesho yake simiti bado ni tope. Kwa hiyo uloweke usumba kwenye maji, maji yatoke rangi ya chai ya rangi, umwage, uloweke tena, mpaka yatoke meupe. Maji moto yanaharakisha. Wale wanaotumia usumba uliozikwa ufukweni kwenye matope kwa kusokotea kamba, ule umeshapoteza mengi ya hayo, lakini umekuja na chumvi. Uoshe kwa maji ya kunywa yasiyo na chumvi, usioshe kwa maji ya kisima kilicho karibu na bahari.

Ukauke. Kisha kwa uzito, usumba 1, simiti 2 au kuzidi kidogo. Nyunyiza maji kwenye usumba kwanza, halafu pukuta simiti kavu juu huku mwingine anageuza kwa mikono yenye glavu, kila uzi uvae koti jembamba la kijivu. Ukimimina uji wa simiti juu ya usumba umepata donge. Tandaza kwenye kalibu, weka ubao juu na mawe ya kukandamiza, siku ya pili fungua. Kandamiza vya kutosha kushikana, usikandamize mpaka uwe ubao. Ukiinua juani uone nuru kidogo ikipenya hapa na pale.

Simiti ya daraja la nguvu la 32.5 inatosha. Hii haibebi nyumba.

---

Mwanafunzi Kilifi

Niko mwaka wa pili, ujenzi. Naomba kuuliza mambo mawili. Hiyo 0.5 imetoka wapi? Na kwa nini sentimita 4, si 2 au 10?

---

Dada Ramani

Swali la kwanza ni zuri, na jibu ni kwamba 0.5 ni ya kupangia tu. Ya kweli hupatikana kwa kupima. Njia ya maabara ndogo ni bomba refu lenye spika mwisho mmoja na kipande chako cha mviringo mwisho wa pili, maikrofoni mbili kati yake zinasikiliza kiasi gani kimekwenda na kiasi gani kimerudi. Kipande cha upana wa sentimita 10 kinatosha, ndiyo sababu wanafunzi huipenda. Njia kubwa ni chumba maalumu cha mwangwi, ambako huweka mita za mraba kama 10 na zaidi sakafuni na kufanya kile alichofanya Sabine, kwa mashine badala ya sikio na saa. Kama chuo chako kina bomba, hiyo ni mada ya mradi wako wa mwisho, usitafute nyingine.

Kwa ustadh njia ni rahisi: puto. Lipasue chumbani kabla ya dari na baada ya dari, rekodi kwa simu, angalia mstari wa sauti unavyoshuka. Si kipimo cha mahakamani, lakini kutoka sekunde 2 na nusu hadi 1 hata sikio la bibi litaona.

Unene sasa. Hewa iliyogusana na ukuta mgumu haiendi wala hairudi, imebanwa. Inakwenda kasi zaidi mbali na ukuta, umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Msuguano unataka mwendo. Hezi 1,000 wimbi lake ni sentimita 34, robo yake ni 8 na nusu. Hezi 500, robo ni sentimita 17. Mbao ya sentimita 4 iliyogandishwa moja kwa moja kwenye slabu itashika sauti kali na kuacha sauti nene. Uiteremshe sentimita 10 chini ya slabu, uache hewa tupu nyuma, na imekuwa kama nene bila kuongeza gunia hata moja la simiti. Hewa ni bure, wajenzi wetu wanaisahau.

Kwa tofali la fundi la ukutani, ukubwa wa chenga nao una neno. Chenga kubwa sana zinaacha mapango, sauti inaingia na kutoka bila kusuguana na kitu. Ndogo sana vijia vinaziba. Ile 5 hadi 10 yake ni kipimo cha mtu aliyejaribu.

---

Tuktuk Stendi

Sasa mimi naomba msaada wa haraka maana ninyi mnaongea wimbi, mimi nina jirani. Amefungua kibanda cha muziki nyuma ya nyumba yangu. Nikijenga ukuta wa tofali hizi za fundi kati yetu nitalala?

---

Fundi wa Timbo

Hutalala. Na ninakataa pesa yako hapa hadharani ili watu waone.

Tofali linalopitisha maji na pumzi linapitisha muziki. Kunyonya ni kupunguza mwangwi mahali sauti ilipo. Kuzuia ni kuikatia njia isiende pengine. Cha kuzuia ni uzito, kinyume kabisa na tunachokiongea tangu asubuhi. Ukuta wa kilo 200 kwa mita ya mraba ukiufanya wa kilo 400 unapata nafuu ya kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 au 6. Ili sikio lako lione muziki umepungua nusu, unataka desibeli 10 hivi.

Ila kabla hujanunua jiwe hata moja, niambie: ukuta wa chumba chako unaotazama kwa jirani una vent?

---

Tuktuk Stendi

Zipo juu, mistari miwili. Na mabati hayajafika kwenye ukuta, kuna nafasi ya hewa. Nyumba gani ya huku haina?

---

Dada Ramani

Basi hapo ndipo anapoingilia. Tundu la asilimia 1 tu ya ukuta linaufanya ukuta mzima usizidi desibeli 20, hata ukiujenga kwa risasi ya bunduki iliyoyeyushwa. Wewe una zaidi ya asilimia 1. Na ukiziba zote, Februari ya Malindi utaona heri kulala na muziki kuliko kulala na joto.

Kinachowezekana ni kuifanya hewa ipite njia ya kona. Jenga kama kijisanduku nje ya zile vent, hewa iingilie chini, ipande, ndipo ipate vent. Nje ya kijisanduku iwe plasta nzito, ndani yake ubandike mbao za usumba. Hapo vitu viwili vinafanya kazi pamoja, uzito unazuia na usumba unakula kile kinachozunguka kwenye kona. Haitaua besi, lakini maneno ya wimbo hutayasikia tena.

Na vilevile ukuta wa tofali za fundi unaweza kupigwa plasta nzito upande mmoja na upande wa pili ukaachwa wazi. Upande wa wazi utazame kwenye kelele. Kwa chumba cha jenereta huo ndio mpango ninaouchora siku zote.

---

Fundi Mkongwe wa Mombasa

Besi inauawa na tofali la tundu, mnaisahau. Bloku ya kawaida yenye mashimo ndani, unaitoboa mfereji mwembamba upande wa chumbani. Hewa ya kwenye mfereji inakuwa kama mzigo na hewa ya ndani inakuwa kama springi, inacheza kwenye masafa yake na kumeza sauti ya masafa hayo. Helmholtz, mwanafizikia wa Ujerumani, alishaeleza hayo karne ya 19.

---

Dada Ramani

Kweli mzee wangu. Shimo la lita 4, mfereji wa sentimita 1 kwa 15, unene wa uso wa bloku sentimita 3 na nusu: hiyo inacheza kwenye takriban hezi 150. Ukumbi wa harusi unaihitaji sana. Madrasa ya ustadh haina spika za besi, aiache.

---

Mwana wa Amu

Salamu kutoka mui wa Amu, mji wa Lamu. Nimesoma yote, na nasikitika hakuna aliyetaja nyumba za wazee. Kuta zetu za matumbawe na chokaa ni nene nusu mita na kuzidi, punda akilia ndiani huku ndani husikii. Na zile zidaka za ndani, vishubaka vya ukutani, zinavunjavunja sauti, ndiyo sababu chumba cha nyumba ya kale hakipigi kelele kama ukumbi wenu wa slabu. Wazee walijua. Ninyi mnachekecha chenga na kuziita uvumbuzi.

---

Dada Ramani

Ndugu yangu wa Amu, nusu nakuunga mkono. Ukuta wenu unazuia kwa sababu ni mzito, hapo huna mpinzani. Zidaka zinatawanya sauti, zinaizuia isirukeruke kati ya kuta mbili zinazotazamana, na sikio linapenda hivyo. Lakini kutawanya si kunyonya. Plasta yenu ya chokaa imesuguliwa ikawa laini kama kauri, inarudisha sauti karibu kama simiti ya ustadh.

Kinachotuliza chumba chenu ni kingine. Boriti za mikoko haziruki zaidi ya mita 2 na nusu hadi karibu 3, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na ujazo wake mdogo. Halafu msana, yaani baraza la ndani, umefunguka kwenye kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, na kiwanda hakina dari: sauti inakwenda mbinguni. Ongeza mikeka, magodoro na mapazia. Chukua chumba hichohicho, kitoe vyombo, ufunge upande wa kiwanda kwa vioo kama wanavyofanya wenye nyumba za wageni, halafu upige kofi. Utasikia.

---

Mwana wa Amu

Haya, la vioo umenishika. Kuna moja kama hiyo mtaani kwetu, mgeni hakai sebuleni.

Swali basi. Huyo mwenye nyumba anaweza kuweka tofali za fundi ukutani?

---

Dada Ramani

Asiguse ukuta. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2001, na kabla ya kubadilisha chochote aongee na watu wa Makumbusho ya Taifa. Tena simiti juu ya chokaa ya zamani ni adui: chokaa inapumua unyevu, simiti inaufungia ndani, na plasta inabanduka na jiwe lake. Aning'inize mbao za usumba kati ya boriti, kwa fremu ya mbao inayotoka ikitakiwa. Au afungue vile vioo, rahisi zaidi.

---

Mwanafunzi Kilifi

Fundi, kwa nini usitumie pamisi, lile jiwe la volkano? Tulifundishwa ni nyepesi na ina matundu ya asili.

---

Fundi wa Timbo

Pamisi ni nzuri, sikatai. Lakini inatoka Bonde la Ufa, upande wa Longonot, na mimi niko Malindi. Nikilipa lori kubeba hewa kutoka huko hadi Pwani, bei ya tofali itakuwa ya mgahawa wa watalii. Chenga za timbo ziko nyuma ya ukuta wangu.

Halafu kumbuka matundu ya ndani ya kijiwe si yale ninayoyategemea. Ninategemea nafasi kati ya kijiwe na kijiwe. Matundu ya kijiwe chenyewe yananipa wepesi zaidi kuliko sauti.

---

Ustadh wa Jioni

Nimeshawishika na dari. Wasiwasi wangu ni mchwa, vumbi na uhai wake. Na kutu, maana bahari iko karibu, slabu yenyewe imeanza kutoa madoa ya nondo sehemu moja.

---

Fundi wa Timbo

Mchwa hapendi usumba uliovaa simiti, ila simiti nayo inaula usumba polepole kutoka ndani, kwa ukali wake wa alkali, hasa mbao ikiwa inalowa na kukauka. Ndani ya chumba kikavu ni kitu cha miaka mingi. Barazani panaponyeshewa sikuuzii. Majivu ya maganda ya mpunga yaliyosagwa laini, ukiyachanganya badala ya sehemu ya simiti, yanapunguza huo ukali.

Vumbi: ufagio wa makuti mara moja moja. Usiruhusu mtu apake rangi ya brashi. Kama kamati inataka weupe, iwe chokaa nyepesi ya kupulizwa, vumbi tu la rangi, na kikombe cha maji kipite baada ya hapo kama kilivyopita kabla.

Kutu ndiyo ya kuangalia. Usumba hauna chuma ndani, chumvi kidogo haitaudhuru. Ndoano ndizo zitakazokatika. Mafundi watakuambia tumia binding waya, mara mbili, inatosha. Kataa. Kilo 8 juu ya kichwa cha mtoto zisishikwe na binding waya mita mia chache kutoka baharini. Fremu ya mbao iliyotiwa dawa, ifungwe kwenye slabu kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, na mbao za usumba zikae juu ya fremu badala ya kuning'inia. Pale penye madoa ya nondo usitoboe hata boliti moja kabla fundi wa slabu hajapaona. Zege likianza kumeguka hapo, ni mzigo wa kwanza wa kushughulikia kabla hata ya sauti.

---

Ustadh wa Jioni

Basi naanza na slabu. Nitaleta picha za hayo madoa hapa kesho baada ya alasiri. Dada Ramani, tafadhali uziangalie.

---

Dada Ramani

Zilete, na uweke rula kando ya doa ili nione ukubwa.